Saa ya Otomatiki: Itembee Daima au Iachwe Isimame?

Saa ya mkono ya otomatiki haina betri, wala haimlazimu mwenyewe kuitia ufunguo kila asubuhi. Nguvu yake hukaa katika kamani, utepe mrefu wa chuma uliosokotwa ndani ya kipipa chenye meno, na anayeijaza kamani hiyo ni mkono uliovaa saa. Nyuma ya mitambo hukaa rota, kipande kizito chenye umbo la nusu duara. Mkono ukiinuka kusalimia, ukishuka kuokota kitu, ukinyooka kufungua mlango, uzito wa rota huivuta chini, nayo huzunguka. Magurudumu madogo huupokea mzunguko huo na kuikaza kamani kidogo kidogo. Upande wa pili kamani hujifungua polepole na kuendesha msururu wa magurudumu, na mwisho wa msururu gurudumu la mizani hubembea kwenda na kurudi, likiruhusu meno ya kizuizi yapite moja moja. Mlio wa saa ni sauti ya meno hayo yakizuiwa na kuachiwa.

Mkono ukitulia, hakuna anayejaza. Mitambo ya Uswisi iitwayo ETA 2824-2 hutembea takriban saa 38 tangu ijae mpaka isimame. NH35 ya Seiko hutembea takriban saa 41. Powermatic 80 hufika saa 80, na sehemu ya muda huo imepatikana kwa kupunguza mapigo kutoka 28,800 hadi 21,600 kwa saa. Anayeivua saa ya aina ya kwanza Ijumaa jioni, ikiwa imejaa, atakuta imesimama Jumapili asubuhi. Ya Powermatic ataivaa Jumatatu kwenda kazini bila kuigusa.

Swali ni nini kifanyike na saa iliyovuliwa, na hapo ndipo pande mbili zinapogawanyika. Upande mmoja yupo mwenye kikasha. Ana saa nne na mkono mmoja. Tatu ambazo zamu yake haijafika huwekwa ndani ya kikasha kidogo chenye mota, kinachozigeuza taratibu usiku na mchana ili zisisimame. Upande wa pili yupo mwenye droo, mzee mstaafu ambaye saa yake ya pili imo ndani ya droo pamoja na miwani ya zamani na stakabadhi. Imesimama tangu Jumanne, naye hana wasiwasi nayo. Kati yao yupo fundi saa. Kazi yake humfanya azione saa za pande zote mbili zikiwa zimefunguliwa, kwa hiyo maneno yake hapa yatakuwa marefu kuliko ya wenzake.

Anayeanza ni mwenye kikasha. "Mashine hufa kwa kulala, Mzee. Gari likiegeshwa mwaka mzima, siku ya kuliwasha halikubali. Saa nayo ni mashine. Ina mafuta ndani yake, na mafuta yakitulia huganda. Kikasha changu kinayatembeza kila siku."

"Gari lina betri ya kufa, lina tangi la kushika kutu, lina matairi ya kubonyea," anajibu mwenye droo. "Saa hii ina kipi katika hivyo, mwanangu?"

Hoja ya mafuta ndiyo kongwe kuliko zote katika mjadala huu, na haikuzuka bure. Katika karne ya 19 na miongo mingi ya karne ya 20, saa zililainishwa kwa mafuta ya wanyama na mimea. Yaliyosifiwa zaidi yalitolewa katika taya na kichwa cha pomboo na nyangumi wadogo. Mji wa New Bedford katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako William F. Nye alianzisha biashara yake, ulijulikana kwa mafuta hayo. Yalikuwa mepesi na yalivumilia baridi, lakini yalikuwa mafuta ya kiumbe, na mafuta ya kiumbe huchacha. Yakikutana na hewa na shaba ya mitambo hubadilika rangi, huwa mazito, na mwishowe hunata kama gundi. Fundi wa enzi ya babu aliyemwambia mteja wake asiiache saa ilale miaka alikuwa akisema jambo aliloliona mezani pake.

"Nami nimeyaona," anasema fundi. "Huletwa saa ya marehemu iliyokaa kabatini miaka thelathini, ukaikuta imeshikana kama iliyomwagiwa uji. Lakini tazameni ninachotumia leo." Anachotumia ni mafuta yaliyotengenezwa maabara. Kwa ncha nyembamba za gurudumu la mizani, ambazo unene wake ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, mafundi wengi hutia mafuta ya Moebius yenye nambari 9010, kitone ambacho jicho tupu hukiona kwa shida. Mafuta haya hayachachi kama yale ya pomboo. Huzeeka, hilo ni kweli: hupungua kwa kukauka, huhama kutoka yalipowekwa, huchafuka. Ila uzee huo huyapata yakiwa katika saa inayotembea na katika saa iliyosimama vilevile, na miaka ndiyo inayohesabiwa. Kuigeuza saa ndani ya kikasha hakuyarudishi mafuta mahali pake. Katika sehemu zinazogongana, kama vile meno ya kizuizi na vijiwe vinavyoyazuia, mwendo wenyewe ndio unaoyasukuma pembeni.

Mwenye kikasha hakubali kirahisi. "Kwa hiyo, fundi, wataka kuniambia mwendo unaiharibu saa? Saa imetengenezwa itembee."

Hesabu inamsaidia fundi kujibu. Saa yenye mapigo 28,800 kwa saa hupiga mara 691,200 kwa siku, na zaidi ya mara milioni 252 kwa mwaka. Kila pigo ni mgongano wa chuma na kijiwe. Vijiwe hivyo ni yakuti nyekundu, siku hizi za kutengenezwa, jambo lililowezekana kwa wingi baada ya Mfaransa Auguste Verneuil kutangaza njia yake ya kuyeyusha unga na kuukuza kuwa yakuti mwaka 1902. Yakuti hailiki upesi; kinacholika ni ncha ya chuma inayozunguka ndani yake, hasa mafuta yakiisha na vumbi laini la chuma likabaki, kwa kuwa vumbi hilo husaga kama msasa. Rota nayo ina mhimili wake au gololi ndogo inazozungukia, na magurudumu ya kujazia yana meno yake. Vyote hivyo huhesabiwa maisha kwa mizunguko.

"Chovya chovya humaliza buyu la asali," anasema mwenye droo, na ni dhahiri kwamba methali hiyo alikuwa ameiweka tayari.

Hata hivyo ushindi wake ni mdogo kuliko anavyodhani. Saa iliyotiwa mafuta vizuri hulika polepole sana. Mkononi hutembea miaka kati ya 5 na 10 kabla ya kufunguliwa na kusafishwa, na wengine hupitisha muda huo bila madhara makubwa. Hasara ya mwenye kikasha iko kwenye idadi. Saa nne zikitembea daima, zote nne hufikia siku ya kusafishwa kwa pamoja, ingawa kila moja imevaliwa robo ya muda huo. Gharama ya fundi kwa saa moja ya otomatiki huweza kupita bei ya kikasha chenyewe mara kadhaa, na hilo ni jambo ambalo tangazo la kikasha halilisemi.

Hoja ya pili ya mwenye kikasha ni bora kuliko ya kwanza. Saa iliyosimama sharti iwashwe, na kuiwasha ni kushika kile kifundo cha ubavuni: kukifungua kama ni cha skrubu, kukizungusha, kukivuta, kupanga mishale, kukirudisha na kukikaza. Kila mara nyuzi za skrubu husuguana, mpira wa kuzuia maji husuguliwa, na mlango mdogo wa vumbi na unyevu hufunguka. "Mzee anaifungua ya kwake kila wiki," anasema. "Mimi zangu sizifungui mwezi mzima."

Hapa historia iko upande wake. Wazo la saa inayojijaza lilikuwapo tangu miaka ya 1770. Abraham-Louis Perrelet wa Le Locle, Uswisi, alitengeneza saa za mfukoni za namna hiyo, na mwaka 1777 ilisemwa kwamba dakika 15 za kutembea zilitosha kuijaza moja kwa siku nane. Hubert Sarton wa Liège aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris, mwaka 1778, mchoro wa saa yenye rota. Nani kati yao alikuwa wa kwanza kuitumia rota ni mjadala mwingine, na wanahistoria wa saa hawajaumaliza. Zote mbili zilikuwa saa za mfukoni, na mfuko hautikisiki kama mkono. Kwa hiyo wazo lilikaa kimya zaidi ya karne moja.

Aliyeliamsha kwa saa ya mkono ni Mwingereza John Harwood, fundi saa aliyepata hataza yake ya Uswisi mwaka 1924. Sababu yake inafaa kukumbukwa na kila anayedhani otomatiki ilibuniwa kwa ajili ya wavivu. Harwood alikuwa amechoshwa na saa zilizoharibika kwa vumbi na maji yaliyopenya tundu la kifundo, akaamua kuondoa kifundo kabisa. Saa yake haikuwa nacho. Mishale ilipangwa kwa kuzungusha pete iliyouzunguka uso wa saa, na kamani ilijazwa na uzito uliobembea huku na huku kati ya springi mbili, bila kuzunguka duara zima. Akiba yake ilikuwa takriban saa 12, usiku mmoja tu. Kampuni yake haikuvuka mdororo wa uchumi wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1931 Rolex ilileta rota inayozunguka duara kamili, na mwaka 1948 Eterna ikaiweka rota juu ya gololi tano ndogo. Nembo ya kampuni hiyo ina vitone vitano mpaka leo kwa sababu hiyo.

"Kwa hiyo kukiacha kifundo bila kukigusa ndilo kusudi la kwanza la saa hii," anamalizia mwenye kikasha.

Fundi anakubali, kisha anapunguza. Kifundo cha skrubu hulika, lakini mirija na mipira yake ni vipuri vya kawaida vinavyobadilishwa saa inaposafishwa, na bei yake si ya kuogopesha. Uharibifu mwingi anaoupokea hautokani na kufungua mara nyingi. Hutokana na kufunga kwa pupa, nyuzi zikapanda upande. Anayeanza kwa kukizungusha kifundo nyuma kidogo mpaka nyuzi zidondoke mahali pake, kisha akakaza taratibu kwa vidole viwili, ataziacha nyuzi hizo salama kwa miaka.

Sasa ni zamu ya mwenye droo kushambulia, na anakosea. "Kikasha hicho kinageuza usiku na mchana. Kamani ikishajaa kinaendelea kuijaza. Si itakatika?"

Haitakatika. Katika saa inayojazwa kwa mkono pekee, ncha ya nje ya kamani imenasa kwenye ukuta wa kipipa, na aliyejaza mpaka mwisho huhisi ukinzani akaacha. Katika saa ya otomatiki ncha hiyo haikunaswa. Imeshikamana na utepe mzito zaidi unaojisukuma kwenye ukuta wa kipipa kwa nguvu zake wenyewe, na kamani ikijaa, utepe huo huteleza kidogo kisha hushika tena. Bila mpango huo, mtu apigaye nyundo au apandaye baiskeli angekuwa akivunja kamani kila mchana. Kwa sababu hiyo maneno yanayosikika mara kwa mara, kwamba saa ya otomatiki imesimama kwa kujazwa kupita kiasi, hayana ukweli. Lakini kuteleza ni kusuguana, na grisi ya ukuta wa kipipa ina kikomo. Kikasha kinachozungusha kupita haja huifanya kamani iteleze siku nzima bila faida kwa mtu yeyote.

Ndiyo maana vikasha vya kueleweka huwa na vipimo viwili: idadi ya mizunguko kwa siku na upande wa kuzunguka. Mitambo mingi hutosheka na mizunguko kati ya 650 na 800 kwa siku, ikigawanywa kwa vipindi vyenye mapumziko katikati. Upande nao una maana. ETA 7750, mitambo iliyomo ndani ya saa nyingi za kupimia mbio, hujaza rota ikizunguka upande mmoja tu. Upande wa pili rota hukimbia bure, na mvaaji huuhisi mtikiso wake mkononi. Kikasha kilichopangwa kwa upande usiofaa kitaigeuza saa hiyo wiki nzima nayo itasimama humo humo. Mitambo ya Seiko yenye ile nyenzo ya makucha mawili iliyoanza mwaka 1959 hujaza pande zote mbili, wala haichagui.

Mota ya kikasha cha bei rahisi huleta shida nyingine. Ina sumaku, na ikiwa haikukingwa vizuri au imekaa karibu mno na saa, kamani ndogo ya gurudumu la mizani, nyembamba kama unywele, hushika usumaku. Mizunguko yake huvutana na kugusana, kana kwamba imefupishwa, na saa huanza kukimbia mbele, pengine dakika kadhaa kwa siku. Lawama isipewe kikasha peke yake: spika ya simu, kifuniko cha tableti na kibanio cha mkoba vyote vina sumaku. Dawa ni kifaa cha kuondoa usumaku, na kazi huchukua sekunde chache. Saa zenye kamani ndogo ya silikoni hazipatwi na tatizo hilo katika sehemu hiyo.

Mbali ya kikasha na droo kuna njia ambayo wengi hawaitumii kwa kutoijua, nayo ni kuijaza saa ya otomatiki kwa mkono. Mitambo kama ETA 2824-2 na NH35 hukubali. Saa ikiwa imesimama kabisa, kifundo huzungushwa taratibu mara 20 hadi 40 kuelekea juu, mishale ikapangwa, saa ikavaliwa. Kosa la kawaida ni kuitikisa saa iliyosimama mara mbili tatu, kuona mshale wa sekunde umeanza kwenda, na kudhani imejaa. Imepata nguvu ya dakika chache tu, na usiku itasimama.

Si kila saa inayojazika hivyo. Seiko 7S26, mitambo iliyotoka mwaka 1996 na kuwekwa ndani ya Seiko 5 nyingi, haina njia ya kujazwa kwa kifundo. Kukizungusha ni kujichosha. Hiyo hujazwa kwa kushikwa huku uso wake ukitazama juu na kupepewa kwa upinde mpana kushoto na kulia, kama mtu anayechunga mchele kwa utulivu, kwa nusu dakika au zaidi. Kuitikisa kwa nguvu kama chupa ya dawa hakuongezi kitu.

Yupo pia mvaaji asiye na kikasha wala droo, ambaye saa yake husimama ikiwa mkononi mwake. Huyu hukaa mezani kuanzia asubuhi hadi jioni, vidole vikicheza juu ya vitufe na kiganja kikiwa kimetulia. Vidole havizungushi rota. Mwenye kikasha humtetea kwa methali yake, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha karani hakijai: anachokiingiza mchana ni kidogo kuliko anachokitumia usiku, na baada ya siku tatu au nne upungufu hujitokeza. Kabla ya saa kusimama, upungufu huo huonekana katika usahihi. Kamani ikiwa karibu kuisha, gurudumu la mizani hubembea kwa upana mdogo, pengine chini ya nyuzi 200 badala ya 270 na zaidi, na mwendo wa saa hubadilika. Kipimo rasmi cha kronomita cha Uswisi, kinachosimamiwa na COSC, hutaka wastani usiopungua sekunde 4 nyuma wala kuzidi sekunde 6 mbele kwa siku, na saa yenye njaa haifiki hapo hata kama ilifaulu siku ya kupimwa. Kwa karani, kuzungusha kifundo mara 20 asubuhi mbili au tatu kwa wiki kunatosha. Usiku anaweza hata kurekebisha mwendo kwa namna anavyoilaza: saa nyingi hukimbia kidogo zikilala chali na kuchelewa kidogo zikisimamishwa ubavu, ama kinyume chake, na siku chache za kuangalia zitamwonyesha ya kwake ina tabia gani.

Mwenye droo ana mfano anaoupenda. Katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman aliagiza, kupitia duka la Asprey la London, saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni, akawa akizitoa zawadi. Leo saa hizo hugombewa minadani, na zinazotafutwa zaidi ni zile zilizokaa kimya ndani ya sanduku, uso wake haujapakwa upya na kasha halijasuguliwa. "Hakuna aliyezigeuza kwa mota miaka hamsini," anasema.

"Na hakuna aliyezivaa kuogelea baada ya miaka hiyo bila kuzileta kwa mtu kama mimi, Mzee wangu," anajibu fundi. Jibu hilo ni la haki. Mipira ya kuzuia maji hukauka na kupasuka ndani ya droo kama inavyopasuka mkononi. Mwambaoni, iwe Muscat, Mombasa au Dar es Salaam, hewa ina unyevu na chumvi, na droo ya mbao isiyofunguliwa huweza kuotesha ukungu juu ya uso wa saa na kutu kwenye mhimili wa kifundo. Saa inayohifadhiwa inahitaji kufutwa jasho kabla ya kuwekwa, kuwekwa pakavu penye vifuko vya kunyonya unyevu, na kuendeshwa siku moja moja kwa mwaka, ili mwenyewe ajue kama bado ina afya. Droo si ruhusa ya kusahau.

Imebaki hoja ambayo mwenye kikasha angefanya vizuri kuanza nayo, ya kalenda. Saa ya mishale mitatu isiyo na tarehe huwashwa kwa nusu dakika, na kwa saa hiyo kikasha ni pambo. Yenye tarehe inahitaji uangalifu zaidi. Kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, yaani mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 3, meno yanayogeuza tarehe huwa yameanza kushikana, na anayelazimisha tarehe kwa kifundo wakati huo aweza kuyavunja. Saa iliyosimama nayo haisemi kama ilisimama mchana au usiku. Njia salama ni kuisogeza mishale mbele mpaka ipite eneo hilo na kufika kama 6 chini, kuweka tarehe ya jana, kisha kuendelea mbele mpaka tarehe ya leo iingie. Hapo ndipo ilipo saa sita usiku, na kutoka hapo huhesabiwa mpaka sasa. Zile Seiko 5 zilizotengenezwa kwa soko la Ghuba, zenye siku kwa Kiarabu na Kiingereza, huongeza kazi kidogo: kila siku hupita mara mbili, kwa lugha moja kisha nyingine, mpaka ifike inayotakiwa.

Kalenda ya mwaka, ambayo Patek Philippe iliileta mwaka 1996, hujua miezi ya siku 30 na 31 na hutaka kusahihishwa mara moja tu, mwisho wa Februari. Kalenda ya kudumu hujua pia mwaka mrefu, na haitahitaji mkono wa mtu mpaka Machi 2100, kwa kuwa mwaka 2100 hautakuwa mrefu ingawa unagawanyika kwa nne. Saa kama hiyo ikisimama wiki tatu, kuirudisha ni kubonyeza vitufe vidogo vilivyofichwa ubavuni kwa kijiti, siku, tarehe, mwezi, mwaka na mwandamo wa mwezi, kila kimoja kwa wakati wake unaoruhusiwa. Makosa ya hapo huishia kiwandani. Mwenye droo mwenyewe hana neno hapa: saa ya namna hiyo ikae kwenye kikasha chenye mota iliyokingwa, upande sahihi, mizunguko ya chini kabisa inayoiweka hai.

Kuna kalenda moja ya kudumu inayokwenda kinyume na kanuni hiyo ya vitufe. Mwaka 1985 Kurt Klaus wa kampuni ya saa ya IWC alitoa saa iitwayo Da Vinci, ambayo kalenda yake yote, hata mwaka kwa tarakimu nne, huongozwa na kifundo kimoja. Huendeshwa mbele tu. Aliyezidisha kwa siku tatu hana kitufe cha kuzirudisha. Anachoweza kufanya ni kukivuta kifundo ili saa isimame papo hapo, kuiweka pembeni, na kungoja siku hizo tatu zipite. Siku ya nne, saa na dakika zikilingana, kifundo hurudishwa ndani na saa huendelea.